Kiganja Juu ya Marumaru

Watu walimwita Mama Brashi, naye hakuwa na neno. Kazi yake ilikuwa kuosha makaburi, na kila jiwe alilijua tabia. Itale nyeusi haina maringo, maji na sabuni laini vinaitosha. Saruji huota ukungu, inataka brashi ngumu na mkono usio na huruma. Ila marumaru ni kama ngozi ya kichanga: ukiitia ndimu inaungua, na mafuta yakiigusa inayanywa.

Kwa hiyo alipokuta doa la kiganja kwenye marumaru ya kaburi la mke wa fundi cherehani, hakushtuka. Alikanda udongo mweupe, akalibandika doa, akafunika kwa nailoni. Kesho yake udongo ulikuwa umenyonya mafuta yote.

Baada ya siku chache doa lilikuwa palepale. Akalitoa, likarudi. Safari hii aliinama akalitazama vizuri. Mkono wa kulia, na kidole cha shahada hakipo.

Fundi alipokuja kuzuru, akamuuliza, "Samahani, Fundi. Nani mwingine anakuja kumlilia marehemu?"

"Ni mimi tu, dada."

Alimwonyesha. Fundi alirudi nyuma, akaketi kwenye kaburi la saruji lililo jirani, kisha akainuka kama aliyekalia kaa la moto.

"Hili kaburi ni la mama mkwe," alisema. "Mashine ya kusaga ilimkata kidole. Hakutaka hata kunisikia. Mwanawe akaolewa nami hivyo hivyo, wakanuniana. Mama yake alipokuwa anakata roho, mke wangu alikaa sebuleni, akakataa kuingia."

Mama Brashi alilizunguka kaburi la saruji. Upande unaotazama marumaru ulikuwa na ufa wa kupitisha mkono.

"Uzibe," fundi akasema. "Hata huku bado ananinyang'anya mke."

Mama Brashi akauziba kwa saruji, akasawazisha kwa mwiko. Doa halikurudi tena. Lakini alipokuja kufagia, jua kali, vumbi limetanda, alikuta marumaru imelowa chapachapa, maji yakichuruzika upande wa mama mtu. Alionja kidole. Chumvi. Alijua mawe hutoa chumvi baada ya mvua, na mvua ilikuwa haijanyesha tangu mwezi uandame.

Akamwita fundi. Mtu yule alivua shati akafuta, akakamua, akafuta tena. Jiwe lililowa kila alipoinua mkono. Mwishowe alikaa chini.

"Siku zake za mwisho mke wangu alikuwa akimwita mama yake," alisema polepole. "Mimi nikamwambia ni homa inayosema."

Mama Brashi aligeuka akautazama ufa aliouziba.

"Fungua, dada."

Alichukua patasi na nyundo, akabomoa saruji aliyoitia mwenyewe. Ubaridi ulitoka kwenye ule ufa ukampita mikononi, vinyweleo vikamsimama. Kabla hajamaliza kukusanya vifaa, marumaru ilikuwa imekauka.

Kiganja kilirudi, na siku hizi anaosha pembeni yake tu, hakigusi. Fundi bado anakuja. Akifika huanza kwa kaburi la saruji, huinamisha kichwa na kusema, "Shikamoo, mama." Hajawahi kuitikiwa. Lakini husubiri kidogo, kisha ndipo humgeukia mkewe.