Inua Mkono Ukisikia

…kiwiko chake kimeshuka, ninainua mkono, aandike hapo kwamba Lwaboshi amesikia, maana nesi amenikalisha nikimpa mgongo, mavikombe meusi ya kupimia yamenibana masikio, na hajui kwamba kioo cha dirisha kinanionyesha kila anapobonyeza mashine yake, mwanzoni nilisikia kweli, milio minene, kama ng'ombe analia ng'ambo ya mto, halafu kimya, kimya kirefu, kiwiko kinashuka na sisikii kitu, nikajua ni mtego, habonyezi chochote, bosi amemtuma amtafutie wa kufukuza, si ndiye aliyesema karakanani kwamba wote tupimwe, tangu lini bosi akajali masikio ya mkimbizi… na huyu Bucumi aliyejifanya kunisindikiza, yuko pale kwenye benchi karibu na mlango, Mrundi, jirani yangu wa kambini, tunalala chumba kimoja hapa mtaani Nsungwi na Jumamosi tunarudi pamoja kambini Dzaleka, yeye anachomelea milango ya chuma, mimi asubuhi nakata chuma kwa mashine na mchana naipaka milango rangi, miaka mitatu sasa, chumba cha rangi kimefungwa ili vumbi lisiingie, na ile tina ya kuzimulia rangi inanipanda kichwani mpaka naona kuta zinayumba, najua Bucumi anakitaka chumba hicho, mwezi uliopita aliniletea pamba eti niweke masikioni, nikazitupa, nani anakuziba masikio kama si mtu mwenye neno ambalo hataki ulisikie… kiwiko, mkono juu, kiwiko, mkono juu, sasa kiwiko kimepanda badala ya kushuka, anajikuna shingo, na mkono wangu uko juu… naushusha kama mtu anayefukuza nzi, lakini kiooni amekwisha kusimama, anakuja, anafunua kikombe kimoja, hana hasira, anasema Kichewa polepole, naona midomo tu, zikomo, asante yao, nimeikamata, mengine yamemwagika, na Bucumi, ambaye sauti yake nene haijawahi kunipotea, anatafsiri.

"Anasema usiangalie dirisha, haiko examen. Milio minene ulisikia yote, ile nyembamba njo ilipotea. Makelele ya mashine na harufu ya tina vinasaidiana kuua sikio, na sauti ya banamuke na ya batoto njo inatangulia kwenda. Anauliza, bibi yako unamusikiaga?"

Nani amemtajia mke wangu, ni Bucumi huyo, ametoa ya nyumbani kwangu nje, na harufu inaingia puani, itafikaje sikioni… Vénérande simsikii kwa sababu ananong'ona, hilo halihitaji mashine, tangu Noeli ananong'ona, yeye na Gabriella wetu wa miaka tisa, nikiingia midomo inacheza na sauti hakuna, na mimi nakujua kunong'ona, kwetu Uvira mwaka wa tisini na nane majirani walianza hivyo hivyo, tukipita sokoni wanashusha sauti, juma moja baadaye kaka yangu Rodrigue akachukuliwa na wenye bunduki, mchana, mbele ya duka lake, na waliokuwa wakinong'ona hawakutoka hata mlangoni… kwa hiyo Jumamosi ile, wiki tatu zilizopita, nilipomkuta Vénérande na jirani yetu Antoinette wameinamia cherehani, wanazungumza, nami sipati hata neno, nilijua, wanapanga kwenda kuhojiwa kwenye ofisi ya wakimbizi bila mimi, wapelekwe Ulaya nibaki peke yangu, nikamwuliza mnasema nini, akajibu kwa kunong'ona, nikauliza tena, akanong'ona tena, nikamwambia mbele ya Antoinette kwamba ameniuza kama walivyomuuza Rodrigue, nikachukua kadi ya posho, ile ya kupokelea mahindi na maharage, nikaitia mfukoni nikaondoka, na tangu siku hiyo sijarudi, tuone kama watakula huo mnong'ono wao… na majirani walikuwa wamejaa uani, mashahidi wake, alikuwa amewaita mapema… amewaita lini, nilipoingia uani palikuwa na kuku tu, watu walitoka baadaye, mmoja mmoja, mzee wa ng'ambo ya njia, hata wale wa kule karibu na bomba la maji, mtu anatokaje nyumbani kwake kwa ajili ya mnong'ono… na shingo yake, mishipa ilikuwa imesimama, mdomo wazi mpaka nikaona magego, anayenong'ona hafungui mdomo hivyo, na Gabriella pembeni ameziba masikio kwa viganja, kwa nini mtoto azibe masikio… alikuwa anapiga kelele, Vénérande, ambaye hata kwaya anaimba kwa haya, alikuwa anapiga kelele kwa nguvu zake zote, na mimi nimesimama hatua mbili tu kutoka kwake nangoja aongeze sauti… wiki tatu, na Jumanne waligawa mahindi, kadi ninayo mimi, wamekula nini, wamekwenda kuomba kwa nani…

"Bucumi," ninasema, na sijui nimesema kwa sauti gani, "ulijua tangu lini?"

"Tangu mwaka jana." Anaangalia viatu vyake. "Tulikuambia, ndugu yangu. Mara mingi. Hukusikia."

Nataka kubisha, namwangalia usoni nikitafuta ile hila niliyokuwa na uhakika nayo, sioni hila, naona mtu aliyechoka, ana vipande vyeupe vya pamba masikioni mwake mwenyewe, hata hapa amesahau kuvitoa… nesi anarudisha kikombe, ananionyesha kwa kidole, sasa ni sikio la kushoto, anakwenda kukaa, na kioo bado kiko mbele yangu, kiwiko chake hiki hapa, ningeweza kuinua mkono kila kinaposhuka na nikawa mzima kwenye karatasi, nikarudi chumba cha rangi Jumatatu… nafumba macho, akiandika kwamba nimeshindwa na aandike, mkono uko gotini, ninangoja, hakuna kitu, labda hajaanza, labda ameshabonyeza mara tano, Vénérande naye aliniita hivi mara ngapi, amesimama mlangoni, anasema njoo ule, nami nimempa mgongo…