Mkanda Wenye Uzi Mwekundu

Tik. Kimya kidogo. Tik. Kila siku kabla ya alfajiri sauti hiyo huniamsha, nami hubaki kitandani nikimsikiliza mzee wangu, baba wa watoto wangu, aliye jikoni.

Anakaa mezani na vipingili vya chuma, vile vinavyoshikanisha risasi zikawa mkanda mrefu wa kulisha bunduki kubwa. Vyake ni vitupu, na risasi yake ni ya mti, ameichonga mwenyewe. Anaiingiza, anaichomoa. Ndiyo iliyokuwa kazi yake katika karakana ya jeshi miaka ishirini na saba. Kipingili kipya hubana mno, alikuwa akiniambia. Kikibana, bunduki inakwama, na aliye nyuma yake anabaki ameshika chuma tu. Basi alivilegeza kimoja kimoja, akavifuta, na mkanda uliokamilika akaufunga uzi mwekundu mwanzoni. Askari wakamwita Baba Uzi.

Kitinda mimba wetu alikuwa mpigaji wa bunduki hiyo. Alikufa miaka sita iliyopita. Tuliambiwa bunduki ilikwama, basi. Tangu hapo mzee ana swali moja, na hakuwa na wa kumuuliza.

Juzi asubuhi tukasikia hodi. Alikuwa mwanamume anayetembelea mkongojo, na nilimtambua kwa masikio yake, maana yumo kwenye picha yetu ukutani. Ndiye aliyembebea mwanangu mikanda. Wenzake walimwita Sufuria kwa jinsi alivyokula.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Ndiye Sufuria huyu? Mbona umekonda hivyo?"

"Sufuria imetoboka, mama."

Tukacheka. Nikamimina chai. Mzee hakungoja hata ipoe.

"Mkanda ule," alisema akitazama meza. "Ulikuwa na uzi?"

Sufuria alizungusha kikombe. Niliona anatafuta uongo wa kumtuliza mzee, kisha akauacha.

"Ulikuwa nao, baba. Mikanda yenye uzi tulikuwa tukiigombania kama watoto na ukoko."

"Ulikwama wapi?"

"Katikati. Nusu ya kwanza ilipita kama maji."

Mzee akafumba macho.

"Katikati ndipo nilipoishia kulegeza. Nikaitwa nyumbani. Nikaufunga uzi kabla ya wakati, ili nikirudi niuone upesi niumalizie. Sijawahi kufanya hivyo, siku ile tu. Asubuhi nikakuta umeshapakiwa, lori limeondoka."

"Hukumwambia mtu?" aliuliza Sufuria.

"Nilijiambia utapita. Nikanyamaza."

"Ulinyamaza," alisema Sufuria. Akautazama mguu wake, ulioumia siku mkanda ulipokwama.

"Nani alikuita nyumbani?" niliuliza, mpumbavu mimi.

Mzee aliinua macho akanitazama, nikakumbuka. Ni mimi. Nilikuwa na homa ya mapafu, nikamtuma jirani amwambie mume wangu nakufa. Alikuja mbio na mafuta ya karakana mikononi, akakaa ananibadilishia kitambaa cha maji kichwani mpaka kukapambazuka. Miaka sita tumekula sahani moja. Tumegombana pia, na ulimi wangu si wa kuchezea. Niliwahi kumwambia kazi yake imemmaliza mwanangu. Hata siku hiyo hakusema, "Nilikuwa kwako." Alikwenda nje akanipasulia kuni.

Nilitaka kumshika mkono, nikaona haya mbele ya mgeni. Nikamshika hivyo hivyo.

Sufuria alikunywa chai yake yote, polepole. Mtu mwenye chuki huacha chai. Akashika mkongojo wake akainuka.

"Mwanenu hakuwalaumu," alisema. "Hakupata nafasi ya kumlaumu mtu. Mimi ndiye niliyebaki nayo hiyo kazi, baba, na leo sijui niifanyeje."

"Una haki," alisema mzee.

Sufuria aliaga. Nilidhani mzee atabaki kitini, kwa kuwa siku hizi hasindikizi wageni. Lakini alitoka peku, akamfuata mpaka barabarani, akasimama mbele yake akiwa mfupi kuliko nilivyozoea kumwona.

"Jumapili uje," alimwambia. "Ukiwa na hasira, njoo nayo. Lakini uje."