Damu Safi

Kule maabara walimwita Hadubini, kwa sababu hakuna kijidudu kilichompita. Sifa hiyo ilimvimbisha kichwa, na kichwa kikishavimba, jamani, masikio huziba.

Binti wa mdogo wake, mtoto wa miaka mitano, alivimba taya. Wakadhani jino. Kumbe ni saratani ya tezi, na ndani ya chembe za uvimbe daktari alikuta kirusi, cha ukoo mmoja na kile kinacholeta malengelenge mdomoni. Akasema huenea kwa mate. Hadubini alisikia neno mate tu, mengine hakuyangoja.

"Nani alikuwa anakula kijiko kimoja na mtoto?" akamuuliza mdogo wake.

Mdogo wake alimtazama yeye, kisha mtoto. "Mimi, dada."

"Basi umemuua mwenyewe! Usimguse tena!"

Ulimi hauna mfupa. Wiki mbili zikapita, mama yule hajamgusa mwanawe. Alikaa kwenye kiti karibu na mlango wa wodi, kitambaa mdomoni, na mtoto akilia "Mama, nibebe," aliinama tu. Hadubini ndiye aliyekuwa akimbeba. Dawa ziliingia vizuri, lakini mtoto aligoma kula, akawa anakonda mbele ya macho yao.

Ndipo maabara ikaletewa kipimo kipya cha kirusi kilekile. Damu hutiwa kwenye vishimo vya sahani ya plastiki. Kishimo kikigeuka njano, mwenye damu amewahi kuambukizwa. Kwa desturi yao, kipimo kipya hujaribiwa kwanza kwa damu safi ya mfanyakazi. Hadubini akakunja mkono wa koti.

"Chukueni yangu. Mimi hata kikombe sichangii na mtu."

Kishimo chake kikawa njano kama kiini cha yai.

Akarudia. Njano. Akasema kipimo kibovu. Wakatoa damu mkuu wa maabara, mfagizi na mlinzi wa getini. Njano, njano, njano.

"Sasa ulidhani wewe malaika?" mkuu alicheka. "Mtu mzima asiye nacho utamtafuta kwa tochi mchana. Kinaingia na mate, kinajibanza ndani ya chembe nyeupe za damu, zile za kinga, kinalala humo mpaka tunazikwa nacho."

"Na saratani?"

"Huwapata wachache mno. Mpaka kikutane na mengine: malaria za kila mara, au hitilafu ndani ya chembe yenyewe. Hapo ndipo chembe inazaana ovyo. Nani alimpa nani, hakuna anayejua. Na si kosa la mtu."

Mkuki kwa nguruwe! Hadubini alitoka na koti lake la kazi, akavuka ua mbio mpaka wodini, akapiga magoti mbele ya kile kiti, watu wote wakimwangalia.

"Nisamehe, mdogo wangu. Hata mimi ninacho. Karibu kila mtu anacho. Hukumfanya kitu mwanao. Nenda kambebe."

Mdogo wake hakushtuka hata kidogo. Alikivua kitambaa taratibu.

"Nilijua unacho, dada. Niliporudi kazini baada ya kujifungua, nani alikuwa anamlisha uji? Ulikuwa unauonja kwanza, kijiko kwa kijiko, usije ukamuunguza. Tulikula kijiko kile sote watatu. Ulipouliza, nikaona umesahau."

"Mbona hukusema?"

"Ningesema, ungeogopa kumshika na wewe. Mwanangu angebebwa na nani?"

Hadubini aliangua kilio, mpaka muuguzi akaja mbio kuuliza nani amefariki. Hakuna aliyefariki. Mama alikuwa ameshapanda kitandani, mtoto kamng'ang'ania shingoni, na kwa mara ya kwanza baada ya wiki mbili anadai uji.