Mashine Iliyojifunza Kofia

Asubuhi hiyo mashine ilitoa taarifa kwamba miti yote ya parachichi ilikuwa buheri wa afya. Hakukuwa na hata mmoja wenye mafua. Kaka mtu, ambaye kazi yake ilikuwa kupiga dawa na kulalamika kuhusu kupiga dawa, alifurahi kupita kiasi, akaweka bomba chini na kwenda kunywa chai.

Dada yake hakufurahi. Yeye ndiye aliyerusha droni, na yeye ndiye aliyeifundisha mashine kuzisoma picha zake na kutambua mti ambao mizizi yake inaoza. Lakini kutoka dirishani aliona kwa macho yake majani ya kule mferejini yamegeuka manjano. Mvua zilikuwa zinabisha hodi. Dawa isipowahi, maji yangeusambaza ugonjwa kila kona, na baba yao asingebaki na shamba la kuuliza habari zake.

Na kuuliza alikuwa anauliza. Alivunjika nyonga, daktari akampiga marufuku kukanyaga shambani maisha yake yote, kwa hiyo alilala chumba cha mbele akisumbua watu.

"Miti yangu vipi?"

"Mashine inasema yote mizima, Baba."

"Yote? Basi hapa mgonjwa ni mimi peke yangu."

Binti aliamua kwenda kuhakikisha mwenyewe. Jua lilikuwa kali, akachukua msumarini kofia pana nyeupe ya baba yake, akaenda kusimama chini ya mti uliostawi kuliko yote, akarusha droni. Jibu likaja: mgonjwa, asilimia tisini na saba. Akahamia mti wa jirani. Mgonjwa. Akavua kofia, akaikalia. Mzima.

Hapo akaelewa, akatamani ardhi ipasuke immeze. Mwaka uliopita, walipokuwa wanakusanya picha za kuifundishia mashine, alimwomba baba yake amwonyeshe miti migonjwa akiwa kibarazani. Mzee alikataa katakata. Mgonjwa, alisema, hanyooshewi kidole kwa mbali kama mwizi, anafuatwa alipo. Akaenda kusimama kando ya kila mti mgonjwa, na droni ikampiga picha yeye na kofia yake. Mashine, kama mwanafunzi yeyote mvivu, iliona njia rahisi ikaifuata: penye kofia, pana ugonjwa. Majani haikuwahi kuyatazama. Na kwa kuwa mzee alishinda kwa wagonjwa wake kila siku, haikuwahi kukosea, mpaka siku aliyoanguka.

"Yaani muda wote huu tulikuwa tunaitafuta kofia ya Baba?" kaka aliuliza.

"Na tulikuwa tunaipata."

Tiba ilikuwa moja: kuifundisha upya kwa picha zilezile, mzee akiwa hayumo. Binti alikaa na kompyuta kando ya kitanda, akaanza kumfuta baba yake. Alichukua udongo wa hapa na majani ya pale, akafunika. Kazi ilikwenda vizuri mpaka alipofika kwenye picha ambayo baba ameegemea shina, ameinua uso, anaikemea droni. Akaondoa mkono kwenye kompyuta.

"Unafanya nini?"

"Nakutoa shambani, Baba."

"Daktari kakutuma?"

"Mashine. Ukiwepo, haioni miti."

Mzee alijikuna kidevu.

"Anza na za mferejini," alisema. "Zile ndizo zina haraka."

Kesho yake mashine iliizungushia miti ya mferejini miduara myekundu, mmoja baada ya mwingine, na kaka akabeba bomba lake akilalamika. Binti alimletea baba yake kompyuta aone. Mzee hakutaka miduara. Alitaka zile picha za kufundishia. Akazipitia polepole, akaishia kwenye moja, akaweka kidole penye udongo mtupu.

"Hapa nilikuwa nimesimama."

"Ndiyo, Baba."

"Umepaziba vizuri," alisema. "Mtu hawezi hata kujua."