Hisa za Nguvu za Kiume

Kwenye mkutano wa kuuza hisa, Baba Pacha alikuwa ameshaifungua kalamu. Mkewe, mkunga mstaafu, alimtazama kama anavyotazamwa mtoto aliyeshika wembe. Kilichosubiri sahihi kwenye ile fomu ya hisa ni kiinua mgongo chote, na nyumba yao upande wa nyuma bado haikuwa na paa.

"Ni biashara tu, Mama Pacha," alinong'ona. "Kampuni ya kisasa. Wanatengeneza mpinzani wa vile vidonge vya buluu."

"Nimekuuliza kitu?"

Hakuwa na haja ya kuuliza. Miezi minane sasa mumewe aliamka na kichwa kinachouma kila Jumapili, akasingizia presha, kana kwamba presha inafuata kalenda. Na kijitabu cha kampuni kiliahidi kwa herufi nene: HAKIUMIZI KICHWA. Mama Pacha angeweza kuyamaliza yote kwa sentensi moja, palepale ukumbini. Lakini mwanaume huyu aliwahi kufua nepi za watoto wawili kwa mpigo bila kununa. Hakuwa na moyo wa kumvua nguo mbele za watu.

Jukwaani, kijana wa kampuni aliyebanwa na suti alionyesha mchoro uliopaa kuelekea darini.

"Kama mnavyoona, inapanda!"

"Muhimu ikae!" mzee mmoja akapaza sauti kutoka nyuma, watu wakacheka.

Mama Pacha akanyoosha mkono. Mumewe akamvuta kitenge, akachelewa.

"Mwanangu, mimi nimezalisha wanawake miaka thelathini na nne, usinionee haya. Dawa hii mmewajaribia akina nani?"

"Wanaume arobaini, mama. Na wote walikuwa ngangari!"

"Wa umri gani?"

"Miaka ishirini na mbili hadi thelathini."

"Walikuwa na tatizo?"

Kijana akalegeza tai. "Hapana, mama. Hii ni hatua ya kwanza, tunatumia watu wenye afya njema..."

"Kwa hiyo mmesimamisha kilichokuwa kimesimama."

Ukumbi ukalipuka. Mzee wa nyuma alipiga meza mpaka chupa za maji zikaanguka. Baba Pacha peke yake hakucheka. Aliirudisha kalamu mfukoni, akaikunja fomu mara nne, akatoka.

Mkewe alimkuta kwenye ngazi, ameshika ukuta kama anayepumzika.

"Vile vya buluu," alisema akitazama viatu vyake, "vinaniumiza kichwa."

"Najua. Jumatatu twende wote kwa daktari, akupunguzie dozi."

"Unajua? Tangu lini?"

"Tangu kidonge cha kwanza. Mimi ni mkunga, baba, si kipofu."

"Na ukanyamaza miezi yote hiyo!"

Mama Pacha akamshika mkono washuke, akatazama kwanza kama ngazi haina mtu.

"Ningelalamika nini, na mimi nafaidi?"