Nafasi ya Kumi na Tano

Bwana Muturi, meneja wa kiwanda cha kuchambua pamba pale Kwa Ndululu, hakuwa mtu wa maneno mengi, na Jumatatu ile ya Januari 1976 aliyapunguza zaidi. Alimsukumia Kisilu karatasi yenye hesabu moja tu: shilingi 2,900.

"Hizo ndizo pesa za mpira kwa mwezi," alisema. "Mwaka jana zilikuwa karibu elfu nne. Pamba hakuna, Bwana Karani, mvua umeiona mwenyewe. Ijumaa saa sita mchana nataka orodha. Jina la kila mchezaji na mshahara wake. Asiyekuwa ndani, mwisho wa mwezi anatoa vitu vyake kwa nyumba ya kampuni."

"Na tukishuka daraja kwa kukosa watu?"

"Mkishuka nafunga timu. Mimi mpira siujui. Unaujua wewe. Andika."

Kisilu alikuwa karani wa mizani kiwandani na katibu wa timu, kazi mbili alizozifanya kwa penseli moja. Wachezaji walikuwa ishirini na wawili. Mchana walifagia ghala na kufunga marobota ya pamba, lakini kila mtu sokoni alijua kwamba walikuwa wameandikwa kazi kwa sababu ya miguu yao. Kila mmoja alilipwa shilingi mia na themanini, na chumba katika laini za wafanyakazi. Kumfuta mtu kwenye timu kulikuwa kumfuta kazi, na kumfuta kazi kulikuwa kumtoa mkewe na watoto nje.

Kwa shilingi 2,900 wangebaki kumi na sita. Hesabu hiyo Kisilu aliimaliza kichwani kabla hajafika mlangoni. Lakini nje alimkuta Mulei, kipa, akimngoja na barua mkononi.

"Timu moja ya huko barabara ya Mombasa inaniita, Karani. Mia mbili na sitini. Soma mwenyewe."

Kisilu alisoma mara mbili. Barua ilikuwa ya kweli, na mwaka uliopita mikono ya Mulei peke yake ndiyo iliyoizuia timu kushuka.

"Nikikupa hizo utabaki?"

"Nina mtoto wa tatu njiani. Nikipewa hizo, niende wapi?"

Shilingi themanini za Mulei zilikula nafasi ya mtu mmoja. Sasa wangebaki kumi na watano.

Jumanne na Jumatano Kisilu alikaa na daftari lake. Ni vyema ieleweke daftari hilo lilikuwa nini. Kisilu hakuingia darasa la mchana hata siku moja. Alichunga mbuzi mpaka ndevu zikaota, kisha akajifundisha kusoma katika shule ya jioni ya kanisa, akiwa mtu mzima, amebanana kwenye dawati na vijana waliomcheka. Alipopewa ukatibu alinunua daftari la kurasa mia mbili, akampa kila mchezaji ukurasa wake: mechi alizocheza, mabao, kuumia, kukosa. Sababu ya kukosa mechi aliiandika kwa wino mwekundu. Mtu asiyekuwapo na asiyekuwa na barua ya ruhusa aliandikwa "hayupo bila ruhusa", awe nani, awe wapi. Wachezaji walipomnung'unikia alikuwa na jibu moja: "Daftari halina shemeji."

Alilisema mbele ya shemeji yake mwenyewe. Ndeti, kapteni wa timu, beki wa miaka thelathini na minne mwenye goti bovu, alikuwa kaka yake Muthoki, mke wa Kisilu. Na katika chumba cha Ndeti pale kwenye laini, pamoja na mkewe na watoto wanne, aliishi Syombua, mama yao, tangu alipofiwa na mume na shamba lao la Kyuso kukauka.

Kumi na wanne waliandikika. Wengine walimkaba roho, lakini waliandikika. Kwa nafasi ya kumi na tano walibaki wawili: Ndeti, na Nzioka, winga wa miaka ishirini. Kisilu alifuata sheria aliyoitunga mwenyewe: aliyekosa mechi chache zaidi ndiye abaki, na siku za ruhusa hazihesabiwi. Mechi za msimu zilikuwa kumi na nane. Ndeti alikosa nane: tano kwa goti, tatu bila ruhusa. Nzioka alikosa sita, zote kwa homa.

Aliandika Nzioka.

Alhamisi asubuhi Muthoki alikuwa akifuta meza, akaiona orodha. Naye alijua kusoma. Mumewe ndiye aliyemfundisha, na alijivunia jambo hilo mbele za watu. Alishusha kidole mpaka chini, akaanza tena juu.

"Umemaliza kuandika, Baba Kalunde?"

"Nimemaliza."

"Ndeti umemsahau."

"Sikumsahau."

Muthoki alikunja kitambaa chake mara nne, akakiweka, akatoka. Hakurudi mpaka jua la alasiri, na aliporudi alipika bila kusema neno. Kisilu angependa agombe. Kwa ugomvi alikuwa na majibu.

Ijumaa saa tano Kisilu alivaa koti, akaitia orodha kwenye bahasha ya kaki, akashika njia ya ofisini. Kutoka kwenye laini hadi ofisini lazima upite kigeti cha miguu katika ua wa seng'enge, kipana cha kutosha mtu mmoja na gunia lake. Alipokaribia aliwaona wachezaji saba, wanane, wamekaa juu ya marobota, kimya kama watu wanaongoja penalti. Kisha akaona wanachokitazama.

Katikati ya kigeti, juu ya kigoda, alikaa Syombua akisuka kiondo.

Kisilu alisimama kama aliyegonga ukuta. Wakamba wana neno lao, nthoni: heshima na haya kati ya mwanamume na mama mkwe wake. Hawatazamani usoni, hawasemeshani, hawapeani mkono. Wakikutana njiani, mwanamume huacha njia. Kisilu alikuwa mzee wa kanisa, na mara mbili alikuwa amesimama mbele ya washirika akasema mila za namna hiyo ni minyororo ya wasiojua kusoma. Lakini katika miaka kumi na saba ya ndoa hakuwahi kumpita Syombua karibu kuliko hatua kumi. Kumpita pale kigetini kungekuwa kumgusa kwa magoti.

"Karani, ruka ua!" mmoja alipaza sauti kutoka kwenye marobota.

"Suruali ya kanisa hiyo, itapasuka!"

"Basi apite chini kama mbwa!"

Walicheka, lakini kicheko hakikudumu. Nzioka alikuwa miongoni mwao, na yeye hakucheka.

Askari wa geti, mzee Kiilu, alikuwa amesimama na rungu lake, hajui alitumie kwa nani. Kisilu alimgeuzia Syombua mgongo, akamwambia Kiilu, "Mwambie mama kwamba nina barua ya ofisi. Naomba nafasi."

"Mama, anasema..."

"Kiilu," Syombua alisema bila kuinua macho kwenye kiondo, "muulize baba Kalunde ameandika nini kuhusu mwanangu."

"Mama, yeye yuko hapo tu, anakusikia."

"Nimesema naye mimi? Nasema na wewe."

Kiilu akageuka. "Karani, unaulizwa umeandika nini."

"Mwambie hiyo ni siri ya ofisi."

"Siri gani?" alisema Syombua kwa Kiilu. "Jana orodha ilikuwa mezani kwake. Mimi sikuja kumwombea Ndeti. Ndeti ni mtu mzima, na goti lake naliona kila asubuhi anapoinuka. Mwambie asome ukurasa wa mwanangu. Wamesema daftari lile halidanganyi. Nataka kulisikia, kisha nitaondoka."

Daftari lilikuwa kwapani mwa Kisilu, halikumwacha. Jua lilikuwa limepanda. Alilifungua, mgongo ukiwa bado kwa mama mkwe wake, akasoma kwa sauti ile anayosomea Zaburi: tarehe, mpinzani, alicheza, alicheza, goti, goti, alicheza.

"Julai kumi na mbili, hayupo bila ruhusa. Julai kumi na tisa, hayupo bila ruhusa. Julai ishirini na sita, hayupo bila..."

"Hapo," alisema Syombua. "Kiilu, muulize siku hizo mwanangu alikuwa wapi."

Kiilu hakuuliza. Alitazama chini. Watu wa Kwa Ndululu wote walijua Ndeti alikuwa wapi Julai ile.

Baba yake Kisilu alikufa Julai, juu huko Mbooni. Ndeti alipanda vilima vile kwa goti lake bovu, akachimba kaburi pamoja na wapwa wa marehemu. Baada ya mazishi Kisilu alirudi kwenye mizani yake, maana pamba ilikuwa ikiingia. Ni yeye aliyemshika Ndeti bega na kumwambia, "Bwana, baki na mama yangu mpaka nyumba yake iezekwe." Ndeti alibaki, akaezeka. Na Kisilu, aliporudi, alitazama kama kuna barua ya ruhusa, hakuiona, akachukua wino mwekundu. Wakati ule alijisifu moyoni: hata shemeji yangu, hata kwa kifo cha baba yangu. Miezi sita baadaye alipojumlisha, alijumlisha maneno mekundu tu. Hakuona watu nyuma ya maneno hayo.

"Mwambie mama," alisema, na sauti ya Zaburi ilikuwa imemtoka, "alikuwa kwangu."

"Nimesikia," alisema Syombua, safari hii bila kumtaja Kiilu. Aliinuka, akachukua kigoda na kiondo, akajifunika uso kwa upande wa leso na kuacha njia. Ahadi yake ilikuwa kuondoka akishasikia, na aliondoka.

Kigeti kilikuwa wazi. Kisilu hakupita.

Ukiondoa tatu kwenye nane hubaki tano. Ndeti tano, Nzioka sita. Kwa sheria yake mwenyewe nafasi ilikuwa ya Ndeti. Lakini mashahidi wanane walikuwa wamekaa juu ya marobota, nao wangesimulia nini? Kwamba mama mkwe aliketi getini na shemeji akaingia kwenye orodha. Miaka tisa ya wino ingeishia hapo. Akiiacha orodha ilivyo, jina lake lingebaki safi, nalo daftari lingekuwa la uongo. Akiirekebisha, daftari lingekuwa la kweli na hakuna ambaye angeliamini tena.

Alichuchumaa palepale, akaitandaza orodha juu ya goti, akakata jina la Nzioka kwa mstari mmoja, akaandika la Ndeti, na kando akatia sahihi yake ili ijulikane ni nani aliyekata. Alipopita kigetini alisikia mtu mmoja tu, nyuma yake, akisonya.

Ofisini alijaribu kueleza. Bwana Muturi aliinua kiganja.

"Hesabu imefika ngapi?"

"Elfu mbili mia saba themanini."

"Ni sawa," alisema meneja, akaipiga orodha muhuri, pamoja na jina lililokatwa. "Mama mkwe wako ni mama mkali, nasikia." Akacheka kidogo, bila ubaya, na kicheko hicho kilimuuma Kisilu kuliko msonyo wa getini.

Jumamosi Nzioka alikuja kwenye chumba cha mizani. Viatu vyake vya mpira alikuwa amevifunga kamba, amevitundika shingoni.

"Shikamoo, Mzee. Nimekuja kuchukua barua ya kuachiliwa."

"Marahaba. Keti kwanza. Nataka uone hesabu." Kisilu alifungua daftari kwenye ukurasa wa Ndeti. "Tazama hapa. Julai. Hizi tatu nilikosea mimi..."

"Mimi sikatai, Mzee. Uliponiandika niliamini. Hebu niandikie barua."

Hakulitazama daftari hata kidogo. Kisilu alilifunga. Alichukua fomu ya chama cha mpira, ile ambayo bila hiyo hakuna timu ingeweza kumsajili kijana, akajaza jina, umri, namba ya mchezo. Alipofika penye "sababu ya kuachwa" alifikiri kidogo, kisha akaandika kwa mwandiko wake bora: Hakuna kosa. Pesa hazikutosha.

Nzioka alisoma polepole, midomo ikitembea.

"Hii itaniua, Mzee."

"Ni kweli tupu."

"Ni kweli, lakini nani ataamini? Winga wa miaka ishirini, wamebakisha beki wa goti bovu, wakamwacha yeye bila kosa? Watasema ni mwizi, au ana ugonjwa uliofichwa. Au watauliza Kwa Ndululu, waambiwe ya getini. Nikionekana niliangushwa na mama wa kiondo, nitachekwa mpaka Mombasa." Alikitia kidole kwenye fomu, juu ya wino ambao haujakauka vizuri. "Andika nimeomba mwenyewe kuondoka."

"Hukuomba."

"Naomba sasa."

"Nzioka, mimi sijaandika uongo tangu nijue kuandika."

"Najua, Mzee," alisema kijana huyo. Hakuwa akidhihaki. Alisimama tu, viatu vikining'inia kifuani, akingoja.

Nje mizani ilipiga kelele. Mtu alikuwa amepakia gunia lake bila kungoja karani. Kisilu aliikunja fomu ile ya kwanza, akatoa nyingine kwenye droo. Alijaza jina, umri, namba. Akachovya kalamu, akaandika, polepole kama siku ile ya kwanza kwenye dawati la shule ya jioni: Ameomba mwenyewe.

Akaipuliza ikauke, akampa.