Karatasi Kabla ya Mbalamwezi

Tangu biashara ilipofunguliwa kila mtu akawa huru kuleta mzigo wake, Teodora hakupata tena usingizi wa maana. Kwa miaka mingi alikuwa akiuza nyavu na karabai pale Kirumba, na wavuvi wa dagaa wa kisiwa cha Kome hawakujua mlango mwingine. Sasa ng'ambo ya barabara kulikuwa na duka jipya, linawasha taa mchana kweupe, na redio yake inaimba kutwa.

Binti yake Evelina, karani wa kiwanda kimoja Nyakato, ndiye aliyemshauri awaandikie wateja. Kila mwezi karatasi moja, yenye habari za mzigo uliofika na bei zake, iende kwa boti hadi kambi ya wavuvi. Evelina akaipiga chapa, ikadurufiwa mpaka ikajaza mfuko. Ikabaki kuamua siku ya kuipeleka, na hapo ndipo mama wa watu alipotoka jasho.

Evelina alitaka iende Jumatatu ya kwanza ya mwezi, kama wafanyavyo maofisini. Teodora akamwambia mvuvi wa dagaa hana Jumatatu, ana giza na mbalamwezi. Wakati wa giza yuko ziwani na karabai zake usiku kucha. Mwezi ukiwaka dagaa hawaifuati taa, naye huja mjini na fedha mfukoni. Ukiipeleka giza linaanza, karatasi itawashiwa moto wa chai kabla hajaikumbuka. Ukiipeleka mwezi umeshawaka, utakuta kambi tupu.

"Basi peleka giza likikaribia kuisha," Evelina akasema.

"Na nikikosea siku? Wakiingia pale ng'ambo mara moja tu, mwanangu, mimi sina duka tena."

Kila Malimi mwenye boti alipopita kuuliza kama kuna mzigo, Teodora alimwambia kesho. Jioni anatoka nje, anatazama mbingu, anarudi ndani. Mwishowe Malimi akamcheka, akasema, "Mama, ukizidi kungoja utawasomea kunguru. Wenyewe watakuwa baa."

Teodora akampa mfuko.

Boti ilikuwa haijapotea machoni alipokumbuka kwamba Malimi hufika Kome asubuhi. Asubuhi wanaume wamelala kama magogo, wametoka ziwani. Walioko macho ni wanawake, wanaanika dagaa mchangani. Hilo hakulipigia hesabu kabisa. Usiku huo akamweleza binti yake. Evelina alimtuliza, akasema wanawake watawapa waume zao. Yeye akajibu kwamba watafungia maandazi.

Siku chache baadaye, mwezi bado haujapata nguvu, alifungua mlango akakuta wanawake wamekaa barazani, khanga zao zinanuka dagaa. Mbele alikuwa Bernadeta, mke wa Mihayo, nahodha wa kambi. Teodora akajua wamekuja kulalamika.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Wanaume wako wapi?"

"Tumewaacha wamelala," Bernadeta akasema, na wenzake wakacheka. Kisha akaeleza kwamba mbalamwezi iliyopita waume zao walikuja kununua nyavu, wakarudi na vichwa vinauma na kofia mpya. "Safari hii karatasi yako imetukuta sisi kabla mwezi haujawakuta wao. Tumeuza dagaa wenyewe, tumekuja wenyewe."

Wakaanza kuvuta nyavu, kuzipima kwa mikono, kuziangalia matundu kwenye mwanga. Mmoja wao akavuka barabara. Teodora alimwona akiingia kwenye duka lenye redio, na karabai aliyokuwa akiifuta ikamponyoka nusura ivunjike. Alizungumza na Bernadeta bila kujua anasema nini. Yule mwanamke akarudi, akatangaza kwamba kule bei imepungua kidogo.



"Imepungua, sawa," Bernadeta akasema, huku akikunja wavu wake. "Lakini wao hawakutuandikia. Tungejuaje kama wapo? Nifungie na karabai mbili. Na karatasi ya mwezi ujao utaileta lini?"



"Giza likikaribia kuisha, kama safari hii," Teodora akasema. "Asubuhi, wakiwa wamelala."